Pete inayoruka: mwongozo kamili wa kurusha metali kwa sumaku ya umeme, kwa shule na karakana za Lubumbashi

Weka pete mbili mezani, moja ya shaba na nyingine ya aluminiamu, ukubwa mmoja, kisha uwaulize wanafunzi wa Lubumbashi ipi itaruka juu zaidi. Darasa zima litasema shaba. Tumezaliwa juu ya shaba. Mji huu ulianzishwa mwaka 1910 kwa sababu ya shaba, na mwaka uliofuata tanuri lilianza kuyeyusha. Mpaka leo bomba refu la moshi na kilima cheusi cha mabaki ya tanuri ndiyo alama ambayo mgeni huiona kwanza. Kila mtoto amesikia kwamba shaba ndiyo inayopitisha umeme vizuri. Halafu unabonyeza kitufe, na aluminiamu inairuka shaba mbele ya macho yao.

Ukimya unaofuata hapo ndio ulionifanya niandike mwongozo huu. Tunaichimba shaba, tunaipakia kwenye malori, tunaisindikiza kwa macho kuelekea mpakani Kasumbalesa, lakini wanafunzi wengi wa umeme wanamaliza shule bila kuiona ikifanya kazi yake hata mara moja. Kifaa hiki kinaweza kutengenezwa kwa wiki moja katika karakana yoyote ya mitaa yetu ya Katuba, Kenya au Kamalondo, kwa vitu vinavyouzwa hapa hapa.

Kwa nini si bunduki ya kapasita

Vijana wengi wanaonijia wameona picha za koili (waya uliofungwa mizunguko mingi) inayorusha msumari kwa kapasita, vile vifaa vinavyoweka akiba ya umeme, zilizojazwa volti mia kadhaa, nao wanataka ile. Nawajibu hapana, na sababu ni hii. Nguvu iliyomo ndani ya kapasita hupatikana kwa kuchukua nusu ya ukubwa wake na kuizidisha kwa volti mara volti. Kapasita ya mikrofaradi 1,000 iliyojazwa volti 400 ina jouli 80. Nguvu hiyo yote inaweza kutoka ndani ya muda mfupi kuliko kupepesa jicho, na kama njia yake ni kutoka mkono mmoja hadi mwingine kupitia kifua, inatosha kuua. Tena kapasita haijui kwamba umechomoa waya ukutani. Miaka ya nyuma nilifungua onduleri (kigeuza umeme wa betri) iliyokuwa imezimwa tangu jana yake, nikagusa miguu ya kapasita kwa bisibisi nikiwa nimeshika sanduku la chuma kwa mkono wa kushoto. Ncha ya bisibisi iliyeyuka, na mkono wangu ulitetemeka hadi jioni. Jambo lile silipeleki darasani.

Hata wakubwa limewasumbua. Mwaka 1901 Kristian Birkeland, mwanafizikia wa Norwe, alipata hataza ya mzinga wa sumaku ya umeme. Mwaka 1903 aliuonyesha mbele ya wageni, nao ukapiga shoti kwa moto na kishindo, watu wakakimbia. Jambo jema ni kwamba ule moto wa umeme alikuja kuutumia kutengeneza mbolea kutokana na hewa, na kampuni ya Norsk Hydro ikazaliwa mwaka 1905. Jeshi la majini la Marekani nalo lilitumia miaka mingi kwa mzinga wa reli za umeme, likasimamisha mradi huo mwaka 2021.

Pete inayoruka inafundisha sayansi ile ile ya kurusha metali kwa uga sumaku (nguvu ya sumaku iliyoenea kuzunguka koili) bila kuweka akiba ya umeme mahali popote. Ukiachia kitufe, kila kitu kinakufa papo hapo. Aliyeionyesha kwanza ni Elihu Thomson wa Marekani, mwaka 1887, na vyuo vingi duniani vinaitumia hadi leo. Hii yetu inakula volti 24 tu.

Kinachoisukuma pete

Elewa hapa kwanza, maana asiyeelewa atashindwa kurekebisha kifaa kinapokataa.

Mwanafizikia Mwingereza Faraday alionyesha mwaka 1831 kwamba uga sumaku unaobadilika huzaa umeme ndani ya metali iliyo karibu. Mwanafizikia mwenzake Lenz akaongeza mwaka 1834 kwamba umeme unaozaliwa hivyo hupinga badiliko lililouzaa. Pete yetu imezunguka kiini cha chuma chenye usumaku unaopanda na kushuka mara 50 kwa sekunde. Mkondo mkubwa unazaliwa ndani yake, unaifanya kuwa sumaku ndogo, na sumaku hiyo inasukumana na koili iliyo chini.

Vitabu vingi vinaishia hapo, na mwanafunzi mwenye akili atakuuliza swali linalowasumbua walimu: kama usumaku unapanda na kushuka, kwa nini pete isisukumwe juu usumaku unapopanda na kuvutwa chini unaposhuka, kwa kiasi kile kile, mwishowe isiende popote? Ana haki. Pete isiyo na kitu kingine ila ukinzani, yaani ule ugumu wa metali kupitisha umeme, ingefanya hivyo hasa: kusukumwa na kuvutwa kungelingana. Kinachoiokoa ni kwamba pete nayo ni koili ya mzunguko mmoja, na kila koili huuchelewesha mkondo wake. Kwa kuchelewa huko, sehemu kubwa ya mkondo wa pete inaangukia wakati wa kusukumana, na sehemu ndogo wakati wa kuvutana. Tofauti ya hizo mbili ndiyo inayoirusha. Ukinzani wa pete ukiwa mdogo, mkondo unakuwa mkubwa na kuchelewa kunaongezeka pia. Faida mara mbili.

Kwa hiyo shaba ingepaswa kushinda? Ngoja tufike kwenye majaribio.

Vitu vya kutafuta

Transfoma ya kushusha umeme kutoka volti 220 hadi 24, yenye uwezo wa VA 300 au zaidi. Hiki ndicho kitu cha bei kubwa kuliko vyote, na ndicho kinacholinda maisha, kwa hiyo usikubali kubabaishwa. Transfo ya onduleri iliyokufa inaweza kufaa, lakini mpe fundi wa bobinaji (anayefunga koili upya) aipime na kukutajia volti zake. Angalizo ambalo nimelirudia mara nyingi: ile mashine ya kurekebisha volti ambayo wengi tunayo nyumbani kwa ajili ya friji na televisheni haifai. Nyingi kati ya hizo zina koili moja tu ndani, inayoingiza na kutoa. Ikionyesha volti 24 upande wa kutoka, waya mmoja bado unaweza kuwa umeshikana moja kwa moja na wa ukutani. Pima kwa multimita wakati transfoma haijachomekwa: kati ya waya wowote wa 220 na waya wowote wa 24 pasiwe na njia kabisa. Ikisoma omu chache, irudishe dukani.

Waya wa shaba wenye vanishi, unene wa milimita 1.5, gramu 700 zinatosha. Unauzwa kwa kilo kwa wanaofunga mota upya. Chukua mpya, ule uliotolewa kwenye mota iliyoungua una vanishi iliyopasuka, na koili yako itapiga shoti ndani kwa ndani. Na usichukue shaba kwa mtu asiyeweza kukuambia imetoka wapi. Mitaa yetu imekaa gizani mara nyingi mno kwa nyaya zilizokatwa.

Waya wa kufungia ferabeto, kilo moja na nusu. Ndiyo, ule laini wa wajenzi. Chuma chake kimepikwa kikawa laini, na chuma laini hupokea usumaku na kuuachia upesi.

Bomba la maji la PVC la milimita 32, kipande cha sentimita 30. Mbao mbili za playwudi za mraba, sentimita 10 kila upande, na ubao mnene wa msingi. Kitufe cha ukutani kinachojirudisha chenyewe, kama cha kengele au taa za ngazi, kilichoandikwa 10 A au 16 A. Fyuzi ya gari ya amperi 15 na kishikio chake, fyuzi ya amperi 3 kwa upande wa 220, na sanduku la plastiki au la mbao lenye kifuniko cha skrubu.

Kiini cha chuma

Kwa nini usitie nondo moja nene ndani ya bomba, ukamaliza? Kwa sababu nondo nayo ni metali. Umeme ule ule unaozaliwa ndani ya pete utazaliwa ndani ya nondo, uipashe joto na kula nguvu yako. Ukiigawa nondo katika nyaya mia kadhaa nyembamba, mkondo unakosa nafasi ya kuzunguka.

Waya wa ferabeto huja umejikunja. Unyooshe hivi: kata urefu wa mita tano, funga ncha moja kwenye nguzo ya fensi, nyingine ishikwe na drili ya mkono, vuta kiasi, zungusha drili taratibu. Ndani ya sekunde chache waya unakuwa mnyoofu kama unyasi. Aliyenifundisha hili ni yaya (ndugu mkubwa) mmoja mjenzi wa Ruashi ambaye hajawahi kusoma umeme. Amenipunguzia kazi ya siku mbili. Vaa miwani, maana waya ukikatika unarudi kwa kasi.

Kata vipande vya sentimita 30. Vipake vanishi au rangi nyembamba, viache vikauke, kisha uvijaze ndani ya bomba mpaka kisiingie hata kimoja kwa nguvu ya mkono. Vya unene wa milimita 1.5 vitaingia kama 270. Vitatu vinne vya mwisho uvigonge kwa nyundo ndogo. Chuma kinachocheza kitalia vibaya na kula vanishi yake.

Kufunga koili

Kanuni ya kukumbuka kwa kiini hiki na umeme wetu unaopanda na kushuka mara 50 kwa sekunde ni hii: mizunguko 12 ya waya kwa kila volti moja. Volti 24, mizunguko 290 hivi. Kama transfo uliyoipata inatoa volti 18, funga 216. Ukipunguza chini ya hapo, mkondo unapanda haraka kuliko unavyodhani. Ukizidisha, pete inalegea.

Toboa playwudi ziingie kwenye bomba. Moja iwe chini kabisa, nyingine sentimita 10 juu yake. Koili itakaa kati yake, na sentimita 20 zilizobaki juu ndizo njia ya pete. Anza kutoka chini, acha sentimita 30 za waya nje, na ufunge mzunguko kando ya mzunguko, upande mmoja siku zote, bila kupandisha mmoja juu ya mwingine. Safu moja itabeba kama mizunguko 58 hadi 60, nawe unahitaji safu tano. Juu ya kila safu zungusha karatasi ngumu au utepe wa karatasi kabla ya kuanza nyingine.

Usihesabu kwa kichwa. Weka maharage 29 kwenye kibakuli, na kila mizunguko kumi hamisha harage moja. Mtu ataingia kukusalimia, simu italia, na harage litabaki lilipo.

Ukimaliza, mwagia vanishi ya mota ipenye, kisha anika juani siku mbili. Kwangua vanishi kwenye ncha zote mbili za waya mpaka shaba ing'ae, na upime kwa multimita: utaona karibu omu 0.35, ingawa multimita za bei ndogo hazisomi vizuri chini ya omu moja, kwa hiyo kwanza gusanisha nyaya zake mbili, andika zinachosoma, na ukitoe. Unachotafuta hasa ni kwamba njia ipo, na kwamba kati ya shaba na chuma cha kiini hakuna njia hata kidogo.

Kuunganisha

Kila kitu chenye volti 220 kifungiwe ndani ya sanduku: waya wa kuingia, fyuzi ya amperi 3, na miguu ya transfoma. Waya wa kuingia ukazwe usichomoke ukivutwa. Chuma cha transfoma kiunganishwe na waya wa ardhi. Funga kifuniko kwa skrubu, si kwa utepe, kwa sababu utepe hufunguliwa na mtoto mdadisi, na mtoto mdadisi ndiye tunayemtaka darasani.

Kutoka kwenye sanduku zitoke nyaya mbili tu za volti 24. Mmoja uende moja kwa moja kwenye ncha ya koili. Mwingine upite kwenye fyuzi ya amperi 15, kisha kwenye kitufe, kisha kwenye ncha ya pili. Tumia waya wa milimita mraba 2.5. Kitufe kiwe mbali na koili, angalau mita moja, ili anayebonyeza asiweze kuinama juu ya bomba.

Mambo mawili yataunguza fyuzi yako, na bora uyajue kabla. La kwanza ni kuwasha koili bila kiini cha chuma ndani. Kinachouzuia mkondo katika koili hii ni usumaku wa kiini. Ukinzani wa shaba yenyewe ni kidogo mno. Kiini kikiwamo koili inakula amperi kumi hivi; ukikitoa, zinakuwa karibu 50. La pili ni kuiunganisha na betri ya gari. Mwanafunzi husema, betri ni volti 12 tu, ni nusu. Lakini mkondo wa betri haupandi na kushuka, kwa hiyo hakuna kinachouzuia ila zile omu 0.35: amperi 34. Pete itashtuka kidogo mara ya kwanza, kisha italala pale pale huku waya ukichemka.

Hapo ndipo ninapowaeleza habari ya Inga, bwawa letu kubwa la umeme. Laini inayotoka Inga hadi Kolwezi, karibu kilomita 1,700, ilikamilika mwaka 1982, na umeme wake husafiri kama mkondo mnyoofu, kama wa betri. Pale Kolwezi hugeuzwa kuwa mkondo geu kabla ya kuendelea. Bila kugeuzwa huko transfo zetu zote za mitaani zingelala kama pete juu ya betri.

Pete

Kipenyo cha ndani kiwe milimita 34, ili ipite bomba la 32 bila kukwama na bila kucheza sana. Unene wa ukuta milimita 3, kimo milimita 20. Kipande cha bomba la aluminiamu kinaweza kufaa hata ukuta ukiwa milimita 2. Usipokipata, nenda kwa wanaoyeyusha aluminiamu na kumimina sufuria. Watakumiminia kipande, na fundi mwenye mashine ya kuchonga atakiweka sawa. Lainisha kingo kwa msasa.

Tengeneza nne: aluminiamu nzima, aluminiamu ya ukubwa ule ule iliyokatwa upande mmoja mfereji mwembamba unaopenya ukuta wote kutoka juu hadi chini, shaba nzima, na aluminiamu nyingine yenye kimo cha milimita 10. Ya shaba unaweza kuikunja kutoka bamba la shaba na kumpelekea fundi wa friji ailehemu maungio kwa madini ya fedha. Maungio yajae kabisa. Ukilehemu kwa risasi kijuujuu, umetengeneza pete yenye ukinzani, na jaribio lako litasema uongo.

Siku ya majaribio

Pima kwanza umeme wa ukutani. Msukumo wa pete unafuata volti mara volti: ukuta ukikupa 180 badala ya 220, kama inavyotokea jioni kila mtu anapopika, umepoteza karibu theluthi moja ya nguvu. Mimi hupendelea asubuhi.

Simu, saa na kadi za benki zikae mbali. Mwenye kifaa cha moyo kifuani asiingie chumbani. Wote wavae miwani au wasimame mita mbili, na asiwepo wa kuchungulia kutoka juu. Kitufe kibonywe sekunde moja, mbili zikizidi, kisha koili ipumzike nusu dakika. Ukiigusa na kuhisi moto, ipumzishe dakika kumi.

Anza na pete iliyokatwa mfereji. Bonyeza. Koili itanguruma, pete haitaondoka. Waache waone hivyo, waulizane. Kisha ivishe ile nzima na ubonyeze tena: itaruka nje ya bomba kwa mlio mmoja. Tofauti ya pete hizi mbili ni mfereji mwembamba kama ukucha, na mfereji huo umeukata mkondo wote. Nimewaona wanafunzi wakubwa wakiichukua ile iliyokatwa na kuigeuzageuza kama watu waliodanganywa.

Sasa ishike pete nzima isiruke, kwa kijiti cha mbao kilicholala juu yake, sekunde mbili. Achia, gusa. Ina uvuguvugu. Mkondo uliopita humo ni wa mamia ya amperi, ingawa volti yake haifiki hata sehemu ya kumi ya volti moja.

Halafu shaba. Itaruka, lakini chini ya aluminiamu, na hapa chukua muda, usikimbie. Andika ubaoni. Ukinzani wa shaba ni 1.68 mahali ambapo wa aluminiamu ni 2.65, kwa kipimo kile kile. Shaba inapitisha zaidi, kweli. Lakini shaba ina uzito wa gramu 8.96 kwa kila sentimita ya ujazo, na aluminiamu gramu 2.70. Zidisha ukinzani kwa uzito: shaba inapata 15, aluminiamu inapata 7. Katika mbio za kuruka, anayebeba mwili mdogo anashinda hata kama misuli yake ni midogo. Ndiyo sababu nyaya ndefu zinazoning'inia kwenye minara hutengenezwa kwa aluminiamu, na zile zinazokaa ndani ya mota na transfoma, ambako nafasi ni ndogo na uzito si hoja, hutengenezwa kwa shaba. Mwanafunzi aliyeona pete mbili zikiruka hasahau hilo. Nami naliona ni jambo kubwa kwa mtoto wa mji huu kujua shaba inafaa wapi na haifai wapi.

Chovya pete ya aluminiamu kwenye maji ya barafu dakika tano, ifute vizuri, irushe upesi. Ukinzani wake umepungua karibu asilimia kumi, na kwa rula iliyosimamishwa ukutani utaiona imepanda kidogo. Katika maabara kubwa hutumia naitrojeni iliyoyeyuka, yenye baridi ya nyuzi 196 chini ya sifuri, na huko pete hupaa mno. Ile ya milimita 10 nayo ijaribiwe: ni nyepesi mara mbili, lakini ukinzani wake umekuwa mara mbili pia. Waambie wabashiri kabla ya kubonyeza, waandike ubashiri wao, kila mmoja lake.

Ikikataa

Pete haisogei kabisa na koili haingurumi: fyuzi, au vanishi haijakwanguliwa vizuri kwenye ncha. Koili inanguruma, pete inatetemeka tu: pima volti kwenye ncha za koili wakati kitufe kimebonywa. Zikishuka chini ya 20, transfoma ni ndogo au nyaya ni nyembamba. Zikiwa sawa, tazama maungio ya pete. Fyuzi inaungua kila mara ingawa kiini kimo: kuna safu zimegusana ndani. Ifungue, itakubidi. Mara ya kwanza nilipofunga koili hii niliruka karatasi kati ya safu ya tatu na ya nne kwa sababu giza lilikuwa linaingia, nikarudia kazi yote.

Mlio wa kelele kama wa mashine ya kusaga ni nyaya za kiini zinazocheza. Ongeza vipande viwili vitatu, au mimina vanishi juu yake na uache ishuke.

Taa isiyoguswa

Jaribio la mwisho ninaliweka kwa ajili ya wale wadogo wanaosimama nyuma. Chukua waya mwembamba wenye vanishi, zungusha mara 30 kwenye kopo lenye kipenyo cha sentimita nne, na uunganishe ncha zake na balbu ndogo ya tochi ya volti 2.5. Mbonyezaji abonyeze, nawe ivishe koili hiyo ndogo juu ya bomba taratibu. Hewani haiwaki. Inaposhuka kwenye bomba inaanza kuwa nyekundu, na karibu na koili kubwa inawaka yote, bila waya kuunganishwa popote. Wape waishike wenyewe, mmoja mmoja, wakiipandisha na kuishusha. Huo ndio moyo wa kila transfo iliyosimama kwenye kona za mitaa yao, ambayo wamepita chini yake kila siku wakienda shule.

Kifaa kikiwa hakitumiki, chomoa, funika kwa plastiki, na ukiweke juu ya meza, si sakafuni. Mvua za Novemba zikianza, unyevu huingia kwenye kiini, na kutu ikishapenya kati ya nyaya, vanishi inabambuka. Kila mwanzo wa muhula pima tena kati ya koili na chuma kabla ya kuchomeka.